Paka akiacha kujilamba: namna ya kuyafungua manyoya yaliyoshikana bila ya kumuumiza

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Kuta zinapakwa chokaa, mapazia yameteremshwa kufuliwa, na mimi nilitaka kila kitu nyumbani kiwe safi kabla ya Idi, paka naye hali kadhalika. Bafta, paka wetu mweupe mwenye damu ya Kiajemi, alikuwa na fundo la manyoya nyuma ya sikio la kushoto, kiasi cha kokwa la zambarau. Nikachukua mkasi wa kushonea, nikalivuta fundo kwa vidole viwili, nikakata.

Bafta hakulia. Aliruka tu, akaingia uvunguni mwa kitanda. Nilipolitazama lile fundo kiganjani mwangu ndipo nilipoona kwamba limetoka na kipande cha ngozi, kama ukucha wa kidole gumba. Usiku ule alishonwa nyuzi sita, na zile fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya nguo ya sikukuu zikaishia huko. Daktari wa mifugo aliyemshona hakunikaripia. Alisema tu, "Si wewe wa kwanza wiki hii."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Mji wetu umejaa paka, na siku hizi watu wengi wanafuga wale wa manyoya marefu, lakini namna ya kuyatunza manyoya hayo hatukurithishwa. Paka waliofugwa na bibi zetu walikuwa wa manyoya mafupi, wakijisafisha wenyewe, na hakuna aliyewahi kumchana paka. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kumuuliza daktari, kwa kusoma, na kwa mikono yangu mwenyewe katika miaka iliyofuata.

Paka hujisafisha vipi

Ukilambwa na paka unahisi kama umepitishwa msasa. Ulimi wake una vijimiba vidogo vigumu, vimeelekea nyuma kooni, na vimeumbwa kwa kitu kilekile kilichoumba kucha zake. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Georgia Tech, Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha kwamba ncha ya kila kijimiba ina mfereji mdogo unaofyonza mate kinywani na kuyapeleka mpaka chini ya manyoya, karibu na ngozi. Kwa hiyo ulimi ni chanuo na kata ya maji kwa wakati mmoja. Mate hayo yakikauka humpoza paka, jambo lenye faida kubwa katika joto letu la kaskazi.

Utafiti huohuo ulionyesha udhaifu mmoja. Manyoya ya paka wa Kiajemi ni marefu na mazito kiasi kwamba vijimiba havifiki chini. Hata akijilamba kutwa nzima, tabaka la ndani halichaniki. Paka wa namna hii hawezi kuishi bila ya mkono wa mtu. Anayemchukua nyumbani kwa uzuri wake ajue kwamba amechukua na kazi ya kila siku.

Kwa nini manyoya hushikana

Paka ana manyoya ya juu, marefu na magumu kidogo, na ya chini, laini kama pamba. Yale ya chini hukatika na kutoka kila mara. Yasipoondolewa hubakia katikati ya yale mazima, yakasokotana kama nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani. Kila paka anapojilaza, anapojikuna au anapolowa, fundo hukaza zaidi.

Mahali pa kutazama ni pale ngozi inapokunjana au kusuguana: nyuma ya masikio, chini ya kidevu na shingoni hasa kama amevishwa ukanda, makwapani, kwenye mapaja kwa ndani, tumboni, na pembezoni mwa mkia. Ukimtazama kwa juu tu hutaona kitu. Bafta alikuwa aking'aa mgongoni, na kumbe makwapa yote mawili yalikuwa yameshashikana. Haya yanaonekana kwa vidole, si kwa macho.

Sababu nyingine zinatokana na paka mwenyewe. Paka mnene hafiki mgongoni wala chini ya mkia. Paka mwenye maumivu ya meno hawezi kujilamba. Paka dume asiyehasiwa aghalabu hutoa mafuta mengi kwenye tezi zilizo juu ya mkia, na manyoya ya hapo yakawa mazito na yenye kunata. Halafu kuna uzee na maradhi, ambayo nitayarejea kwa sababu ndiyo yaliyoniuma zaidi.

Fundo dogo lina ubaya gani?

Mtu akisukwa nywele kwa kubana mno hulala na maumivu ya kichwa. Fundo la manyoya ni vivyo hivyo, ila paka hawezi kulifumua. Kila akipiga hatua, fundo la kwapani huvuta ngozi. Mafundo yakiungana huwa gamba moja lililomvaa paka kama fulana iliyombana. Chini ya gamba hewa haipiti, ngozi hubakia na unyevu, hufanya vidonda, na viroboto hupata makao. Likiwa karibu na mkia hushika mkojo na kinyesi, na hapo nzi hutaga. Kwa joto letu mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja tu, na funza wakaanza kula ngozi ya paka aliye hai. Hili si jambo la kungoja mwisho wa mwezi.

Kabla ya kuanza

Chagua wakati ambao paka ameshiba na ana usingizi. Kwangu mimi wakati mzuri ni baada ya alasiri, watoto wakiwa chuoni na nyumba imetulia. Mweke juu ya taulo, mahali asipoteleza, na kama yupo mtu wa pili naye akae kwa upande wa kichwa, akimsemesha. Usimbane chini kwa nguvu. Paka aliyebanwa mara moja hukumbuka.

Andaa chanuo la chuma lenye meno yaliyoachana, kitana chenye meno ya karibu, na unga laini wa wanga wa mahindi, ule wa kutengenezea kastadi. Usitumie poda ya mtoto wala ya mwilini: ataivuta puani na atailamba.

Zijue ishara zake. Mkia ukianza kuchapa, masikio yakilala nyuma, ngozi ya mgongo ikicheza, au akigeuka kuutazama mkono wako, amekwisha kukuambia basi. Acha hapo. Dakika tano leo na tano kesho zinafaa kuliko nusu saa ya vita.

Kulifungua fundo

Kwanza lipapase fundo mpaka ujue ngozi inaishia wapi. Kama unaweza kupitisha kidole kati ya fundo na ngozi, basi lina matumaini. Kama limekaa juu ya ngozi kama kigaga, lipite, usome sehemu inayofuata.

Pili, lishike shina la fundo, upande wa ngozini, kwa vidole vya mkono mmoja, na usiachie. Ukichana utakuwa unavuta vidole vyako, si ngozi yake. Hii ndiyo siri ya kazi yote.

Tatu, nyunyiza wanga kidogo juu ya fundo na uusugue ndani kwa ncha za vidole. Wanga hunyonya mafuta na unyevu, manyoya yakateleza.

Nne, lichambue fundo kwa vidole kama unavyochambua pamba au kumbi: ligawe mara mbili, kisha kila nusu mara mbili tena. Anza kwenye ncha za nje, usianzie ngozini.

Tano, yakishaachana ndipo uingie chanuo, bado kwa kuanzia ncha na kurudi taratibu kuelekea shina, mwisho upitishe kitana. Vumbi la wanga lote litoke.

Ukimaliza fundo moja, mpe kitu akipendacho, kipande kidogo cha kuku au samaki asiye na chumvi wala mwiba. Bafta alichukua wiki tatu kusahau ule mkasi. Sasa akisikia droo ya chanuo ikifunguliwa huja mwenyewe, lakini ni kwa ajili ya kuku, tusidanganyane.

Mkasi, mashini na daktari

Nimekwisha kueleza mkasi ulinifanya nini. Sababu yake ni hii: ngozi ya paka ni nyembamba sana na imelegea juu ya mwili. Ukilivuta fundo, ngozi hunyanyuka ndani yake kama hema, na wewe unadhani unakata manyoya. Ncha butu haisaidii, wala ustadi wa fundi cherehani hausaidii. Kwa hivyo mkasi usitumike kabisa.

Fundo lisilofunguka hunyolewa kwa mashini. Wanaonyoa paka hutumia aghalabu meno ya namba 10, kwa sababu meno mapana zaidi huweza kuingiza kunjo la ngozi katikati yake. Ngozi huvutwa ikawa bapa, mashini ikapita polepole kati ya ngozi na fundo. Chuma hupata moto upesi, basi kiguse kwa ndani ya kifundo cha mkono wako kila baada ya dakika moja au mbili. Asiyewahi kufanya kazi hii asijifunzie kwapani.

Yaliyoshikana mpaka yakawa gamba ni ya daktari. Paka hupewa dawa ya kumtuliza au ya usingizi, akanyolewa bila ya kuhisi, na vidonda vilivyojificha vikatibiwa papo hapo. Usimkubali mtu yeyote anayekwambia atampa paka sindano ya usingizi nyumbani na huku si daktari. Kenya ina Bodi ya Madaktari wa Mifugo inayowasajili, na una haki ya kuuliza kama anayekuhudumia amesajiliwa.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama si bora kumnyoa paka mwili mzima kila mwaka kwa sababu ya joto. Kama hana mafundo, sioni haja. Manyoya humkinga na jua. Paka weupe hasa, wenye masikio na pua za waridi, hupata saratani ya ngozi kwa kuota jua miaka mingi, na paka wa pwani hapendi kitu kuliko kujinyosha barazani jua la asubuhi. Ukilazimika kumnyoa, mweke kivulini mpaka yaote.

Usimwogeshe kwanza

Hili ndilo kosa la pili tunalolifanya. Tunaona paka mchafu, tunatia maji. Manyoya yaliyoshikana yakilowa hujikaza yakikauka, kama sufi iliyofuliwa kwa maji moto, na sabuni hubakia ndani ikiwasha ngozi. Fungua mafundo yote kwanza, ndipo uogeshe kama kuna haja, kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya paka. Mkaushe kwa taulo mpaka ndani, kwani unyevu uliobakia ni mwanzo wa fundo jipya. Paka mzima wa manyoya mafupi hahitaji kuogeshwa kabisa.

Vitu visivyotiwa katika mwili wa paka

Kila unachompaka paka kwa nje, kitaingia tumboni kwa ulimi wake. Juu ya hilo, ini la paka halina uwezo wa kuvunja kemikali nyingi ambazo mtu au mbwa huzivunja bila ya taabu. Nimeviona vyote vifuatavyo vikitumika katika mitaa yetu.

Mafuta ya taa, kwa ajili ya viroboto, huunguza ngozi na kinywa, na paka akiyavuta huharibu mapafu. Dettol na dawa nyingine za kusafishia vyoo na sakafu zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ni sumu kwake. Mafuta ya karafuu na mafuta mengine makali ya kunukia yanaweza kumlewesha na kumuumiza ini. Piko, ambayo watoto humchorea paka kwa mchezo siku za harusi, ni rangi yenye kemikali kali na si ya kulambwa. Mafuta ya nazi hayana sumu, lakini hunata mchanga na vumbi, fundo likawa kubwa kuliko lilivyokuwa, na akiyalamba mengi huharisha.

Na Panadol, hata kipande cha kidonge, usimpe paka kwa maumivu yoyote. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Viroboto

Pitisha kitana cha meno ya karibu kiunoni, juu ya mkia, na shingoni. Ukipata chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ziweke juu ya karatasi nyeupe ya shashi iliyoloweshwa. Zikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu iliyomeng'enywa. Zisipotoa rangi, ni vumbi tu.

Kiroboto humfanya paka ajikune na kujitafuna mpaka manyoya yakavurugika. Baadhi ya paka hupatwa na mzio wa mate ya kiroboto, na kuumwa mara chache tu kunatosha kumfanyia vidonda mwili mzima. Akimmeza kiroboto huweza kupata tegu, ambaye vipande vyake utaviona vimekauka chini ya mkia kama ufuta au punje za mchele.

Viroboto unaowaona juu ya paka ni wachache. Mayai na mabuu wamo kwenye mkeka, kwenye mito ya makochi, na kwenye nyufa za sakafu. Fua alalia paka kwa maji moto, anika juani, fagia mpaka pembeni, rudia kila wiki, na umtibu kila mnyama wa nyumba.

Dawa inunuliwe kwa uzito wa paka, na iwe imeandikwa kuwa ni ya paka. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, ambayo humtia paka kutetemeka na kifafa, na huua. Muuza duka akikwambia "mpe nusu ya ile ya mbwa," toka dukani. Kama umeshamtia kwa bahati mbaya, muoshe haraka kwa sabuni laini ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha mkimbize kwa daktari hata kama bado anaonekana mzima.

Paka wa shangazi

Sasa lile lililoniuma. Shangazi yangu alikuwa na paka wa mistari, manyoya mafupi, aliyekuwa naye zaidi ya miaka kumi na mitatu. Alikuwa safi kiasi kwamba tukimtania kuwa hutia udhu. Mwaka mmoja manyoya yake yakaanza kusimama na kugawanyika mafungumafungu, mba zikamjaa, na mafundo yakatokea kiunoni. Shangazi akasema, "Mwanangu, huyu keshakuwa shume, hajui tena kujitazama." Akakatazwa kuingia ndani. Chakula akiwekewa mlangoni, na usiku akilala kwenye ngazi.

Nami nilipita pale ngazini mara ngapi, nikamrukia na mkoba wangu, bila ya kuinama.

Siku niliyoinama niliona kwamba mifupa ya mgongo inahesabika. Anakunywa maji mengi mno, anakojoa mno, na kinywa kinanuka. Nikamwambia, "Shangazi, huyu si mchafu, huyu ni mgonjwa." Vipimo vya damu vilionyesha kwamba figo zimeshachoka, na meno mawili ya nyuma yalikuwa yameoza. Hakuwa ameacha kujilamba kwa uvivu. Kujilamba kulikuwa kunamuuma, na nguvu zilikuwa zimemwishia.

Paka huficha maumivu. Halii, hachechemei mpaka jambo liwe kubwa. Manyoya ndiyo yanayosema kabla yake. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa paka 100 waliopita miaka 12, waliopigwa picha za eksrei: 90 kati yao walikuwa na dalili za kuharibika kwa viungo. Paka mwenye maumivu ya nyonga na uti wa mgongo hawezi kujipinda afike kiunoni, na ndiyo maana paka wazee hushikana manyoya pale pale kiunoni na mkiani. Maradhi ya figo, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na maumivu ya kinywa, yote hujionyesha hivyo hivyo mwanzoni.

Basi ikiwa paka aliyekuwa nadhifu ameacha kujisafisha, usimfikirie tabia. Mtazame uzito wake, maji anayokunywa, mdomo wake, na namna anavyoruka dirishani. Mpeleke apimwe. Na wakati anatibiwa, kazi ya ulimi ifanye wewe: chanuo laini kila siku, kitambaa cha uvuguvugu chini ya mkia, sinia ya choo yenye ukingo mfupi asiyolazimika kuruka.

Paka wa shangazi alirudi ndani. Aliishi miezi minne zaidi, analala juu ya mkeka karibu na kitanda, na shangazi akimchana kila usiku baada ya isha kwa kitana chake mwenyewe. Alikufa manyoya yake yakiwa yamelala sawasawa.

Anayejilamba kupita kiasi

Upo pia upande wa pili. Paka akijilamba mpaka tumbo au mapaja yakawa uchi, kuna kinachomwasha, kinachomuuma, au kinachomsumbua moyoni: viroboto, mzio, maumivu ya kibofu, au mabadiliko nyumbani kama mtoto mchanga, kuhama, au paka mgeni. Paka dume anayelamba sehemu za siri na kuchuchumaa bila ya mkojo kutoka apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo. Njia ikiziba, siku mbili zinatosha kumuua.

Kutapika tonge la manyoya mara mojamoja si ajabu kwa paka wa manyoya marefu. Kila wiki, si kawaida. Akijaribu kutapika bila ya kutoa kitu na huku hataki kula siku nzima, usingoje ya pili. Dawa ya matonge ni chanuo: unywele uliobaki kwenye meno ya chanuo hauendi tumboni.

Chakula nacho kimo

Manyoya hutengenezwa kwa protini, na paka ni mla nyama. Ugali na maziwa hayamjengi, na paka wazima wengi huharishwa na maziwa. Wetu wa pwani hulishwa samaki peke yake, tukidhani ndio asili yao. Samaki mbichi wa aina nyingi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na samaki wa mafuta kila siku, bila ya kingine, humpunguzia vitamini E mpaka mafuta yaliyo chini ya ngozi yakavimba na kuuma. Mpikie, na uchanganye: kuku, maini kidogo, yai lililochemshwa, au chakula cha paka cha dukani. Papa mkavu na ng'onda wa chumvi wasiwe chakula chake. Maji safi yawepo wakati wote.

Usalama wa watu wa nyumbani

Ukiona duara lisilo na manyoya, lenye magamba, huenda ni choa, ambao huambukiza watu, watoto hasa. Vaa glavu, tenga chanuo lake, na umpeleke akatibiwe.

Akikuuma au kukupara, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali. Jino la paka ni jembamba na hupeleka vijidudu ndani sana. Na kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake: dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, lakini chanjo ikiwahi huokoa. Paka wako achanjwe tangu miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza.

Paka wa mtaani mwenye gamba la manyoya usimkamate kwa mikono. Mweke karibu kwa chakula, umtafute daktari au watu wenye mtego wa kumkamatia. Kumwona anateseka ukapita si sawa, na kujitia hatarini nako si sawa.

Kazi ya kila siku

Manyoya marefu yachanwe kila siku, dakika tano hadi kumi. Manyoya mafupi mara moja kwa wiki yanatosha, na paka mzee mara nyingi zaidi. Anza pale apapendapo, mashavuni na mgongoni, kisha ingia makwapani na tumboni, umalizie kwa mkia. Ukimpata angali mdogo, mzoeze kwa dakika moja kila siku, hata kama bado hana cha kuchanwa.

Bafta bado ana kovu nyuma ya sikio, na pale manyoya hayakuota tena. Vidole vyangu hupita hapo kila alasiri. Mkasi wa kushonea sasa unakaa kwenye kasha la nyuzi, na chanuo linakaa kwenye droo yake, kila kimoja mbali na mwenziwe.